Maji Yenye Tarehe

Mdogo wangu aliweka vichupa viwili mezani, karibu na daftari langu, akavuta kiti. Kimoja kilikuwa kidogo, urefu wa kidole gumba, na chini yake kulikuwa na kitu cheupe kilichoshikamana na kioo kama kipande cha chaki. Kingine kilikuwa kikubwa zaidi, kimejaa maji.

"Dada, wewe ndiye nesi. Huu unga nauchanganya na haya maji, halafu nachoma chini ya ngozi. Nieleze tu naweka maji kiasi gani."

Goti lilikuwa linamsumbua tangu alipoumia uwanjani miezi kadhaa nyuma, na mwenzake wa mazoezi alikuwa amemwambia kuna peptidi, yaani mnyororo mfupi wa asidi amino, kama kipande kidogo cha protini, inayoponya kano. Akaiagiza mtandaoni, ikafika, na sasa alikuwa na haraka.

Mimi ni nesi wa miaka mingi, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nimekuwa kliniki ya uzazi, nikiwafundisha kina mama kuchanganya homoni zao ili wajichome wenyewe nyumbani. Swali lake nimeulizwa mara nisizoweza kuhesabu. Lakini wale huja na cheti cha daktari, boksi lenye jina la mtengenezaji, na karatasi ya maelekezo iliyokunjwakunjwa hadi ikawa ndogo kama stempu. Yeye alikuja na vichupa viwili na mabomba ya sindano ya insulini. Kwenye lebo ya unga paliandikwa jina la peptidi, miligramu 5, na chini kabisa, kwa herufi nilizozisoma baada ya kusogeza taa: kwa utafiti tu, si kwa matumizi ya binadamu.

Ningeweza kuanzia hapo. Nilianzia kwenye maji, kwa sababu maji ndiyo aliyoyaona hayana neno. "Maji si ni maji," alisema.

Si maji tu. Kitaalamu huitwa maji bakteriostatiki, na ni maji ya sindano yaliyotakaswa kisha yakatiwa alkoholi ya benzili, asilimia 0.9, yaani miligramu 9 katika kila mililita. Alkoholi hii si ile ya kulewesha. Ni kimiminika chenye harufu nyepesi, na mimea huitengeneza yenyewe: imo kwenye mafuta ya yasmini na ya langilangi. Ndani ya kichupa kazi yake ni moja, kuwazuia bakteria wasizaane. Jina lote limesimama kwenye neno hilo la kuzuia. Maji ya sindano ya kawaida hayana kinga hiyo, ndiyo maana hufungashwa kwa matumizi ya mara moja: unakifungua kichupa, unavuta unachohitaji, kinachobaki unamwaga hata kama ni kingi. Haya yenye kihifadhi yametengenezwa kwa ajili ya mtu atakayerudi kesho, na keshokutwa, na wiki ijayo, kutoboa mpira uleule.

Na kila unapotobolewa, ule mpira ni mlango.

Wanafunzi wangu huwa nawasimulia habari ya Bundaberg, mji wa Queensland nchini Australia, na siku hiyo nilimsimulia na mdogo wangu. Januari 1928 watoto wa mji huo walikuwa wanachanjwa dondakoo. Chanjo ilikuwa kwenye chupa yenye kizibo cha mpira, ya kuvutwa mara nyingi, na haikuwa na kihifadhi chochote. Chupa hiyohiyo ilikuwa imetumika siku za nyuma bila mtoto kudhurika. Ikarudishwa kabatini, na Januari kule ni kiangazi. Tarehe 27 wakachomwa watoto 21. Kufikia siku iliyofuata walikuwa wameanza kufa, na mwishowe walikufa 12. Tume iliyoundwa kuchunguza ilikuta ndani ya chupa bakteria aina ya Stafilokokasi, wale wanaoishi kwenye ngozi zetu na puani mwetu, na ambao mkono wowote huwabeba. Dawa yenyewe haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwamba kuna kitu kiliingia kwenye chupa kupitia sindano, kikapata joto, chakula na siku kadhaa za utulivu. Tume ikasema dawa ambazo bakteria wanaweza kukua ndani yake zisitolewe kwenye chupa za kutumiwa mara nyingi bila kihifadhi cha kutosha.

Kila ninaposhika kichupa chenye kihifadhi huwa nawakumbuka watoto hao. Ile asilimia 0.9 ina makaburi nyuma yake.

Mdogo wangu alinyamaza kidogo, kisha akasema jambo ambalo nililitegemea: "Kwa hiyo haya yangu ni salama. Yana dawa ya kuua vijidudu."

Hapo ndipo watu wengi hupotea. Kihifadhi hupimwa kwa jaribio maalumu: wataalamu huchukua vijidudu vinavyojulikana, vikiwemo Stafilokokasi, E. koli na fangasi wa Kandida, wakavitia kwa makusudi ndani ya maji, halafu wakahesabu vilivyobaki siku ya 7, ya 14 na ya 28. Kwa dawa za sindano, kiwango cha Marekani kinataka bakteria wapungue angalau mara kumi kufikia siku ya 7 na mara elfu kufikia siku ya 14, na baada ya hapo wasiongezeke tena hadi siku ya 28. Tazama hesabu hiyo vizuri. Inazungumza kwa siku na wiki. Mtu aliyegusa mpira kwa kidole, akatoboa, kisha akavuta dozi yake dakika mbili baadaye, amejichoma kile alichokiingiza, kama kilivyo. Kihifadhi hakijapata hata nafasi ya kuanza kazi. Na virusi havimo kwenye hesabu hiyo kabisa. Virusi vya homa ya ini vikiingia na sindano iliyokwisha kutumika, alkoholi ya benzili haivizuii.

Jaribio hilo linaishia siku ya 28, na ndiyo asili ya ile sheria tunayoifuata: kichupa cha kutumiwa mara nyingi, kikishatobolewa mara ya kwanza, hudumu siku 28 isipokuwa mtengenezaji ameandika vingine. Baada ya hapo hakuna aliyehesabu. Tarehe ya kuisha iliyochapwa kiwandani inaweza kuwa mwaka ujao, lakini hiyo ni ya kichupa ambacho hakijaguswa. Ukishakitoboa, tarehe inayotawala ni ile utakayoiandika wewe kwa kalamu.

Niseme jinsi nilivyojifunza hili. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilikuta kwenye friji ya dawa kichupa cha maji haya kilichotumika nusu, kofia yake imeng'olewa, hakina tarehe. Nilikitazama kwenye mwanga. Kilikuwa kisafi, kinang'aa. Nikataka kukitumia, maana kutupa kitu kinachoonekana kizima kuliniuma. Sista aliyekuwa ananifundisha alinishika mkono, si kwa ukali. Akaniuliza, "Kimefunguliwa lini?" Nikasema sijui. "Nani alikifungua?" Sijui. "Kwa sindano gani?" Nikanyamaza. Akakichukua, akakitupa. Bakteria wanaweza kufika maelfu katika kila mililita kabla jicho lako halijaona hata ukungu. Tangu siku hiyo siyaulizi macho yangu swali ambalo hayawezi kulijibu.

Kuna jambo jingine ambalo kihifadhi hakiligusi, na linawahusu hasa wale wanaosema, kama alivyosema mdogo wangu dakika chache baadaye, kwamba maji yakikosekana mtu anaweza kuchemsha yake, au kutumia maji ya betri kwa kuwa yamechujwa. Bakteria wengi, hata wakifa, huacha mabaki ya ngozi yao ya nje. Mabaki hayo huitwa endotoksini, na yakiingia mwilini kwa sindano huleta homa na kutetemeka, na yakiwa mengi shinikizo la damu huanguka. Kuchemsha hakuyaondoi. Miaka ya 1920 mwanasayansi wa Marekani, Florence Seibert, alishughulikia fumbo la homa zilizowapata watu baada ya kuchomwa sindano za mishipani, akaonyesha kwamba chanzo kilikuwa maji yaliyokenekwa, yaliyoonekana safi kabisa lakini yenye uchafu huo wa bakteria. Kwenye vyombo vya kioo, joto kavu la nyuzi 250 kwa nusu saa ndilo linalotumika kuyaangamiza. Sufuria ya maji haifiki huko hata ikichemka mchana kutwa. Kwa hiyo maji ya sindano hayapimwi bakteria tu, hupimwa na endotoksini, na kazi hiyo hufanyika kiwandani. Nyumbani haiwezekani.

Na kabla mtu hajayapenda mno maji yenye kihifadhi, akumbuke taarifa za mwaka 1982. Katika vituo viwili nchini Marekani watoto njiti 16 walikufa baada ya mirija yao ya mishipani kusafishwa mara kwa mara kwa maji ya chumvi yenye alkoholi ya benzili. Mwili wa mtu mzima huigeuza alkoholi hiyo kuwa asidi ya benzoiki, kisha ini huifunga na kuitoa kwa mkojo. Ini la mtoto njiti halijakomaa kwa kazi hiyo. Asidi ikajaa damuni, watoto wakaanza kutweta, wakivuta pumzi kwa shida kama mtu aliyetolewa majini, na ugonjwa ukapewa jina la kutweta kwenyewe. Tangu hapo lebo ya maji haya hukataza yasitumike kwa watoto wachanga. Kwa mtu mzima anayepokea sehemu ya kumi ya mililita, kiasi ni chini ya miligramu moja, na mwili hukimaliza. Lakini wapo wenye mzio nayo, na dawa nyingine zina maelekezo mahususi kwa watu hao: yeyusha kwa maji ya kawaida ya sindano, tumia mara moja, mwaga kinachobaki. Isitoshe, maji haya hayapaswi kuingizwa kwa wingi mshipani, kwa kuwa hayana chumvi na chembe nyekundu za damu hufyonza maji hadi zikapasuka.

Ndiyo maana swali la "maji gani" halina jibu moja kwa kila unga. Aliyetengeneza unga ndiye anayejua. Homoni ya hCG, ile ya ujauzito tunayoitumia kwenye tiba ya uzazi, ninayoichanganya mimi mara nyingi huja na maji yake yenye alkoholi ya benzili ndani ya boksi lilelile. Glukagoni ya dharura, ile ya kumwokoa mwenye kisukari aliyezimia kwa kukosa sukari, huja na kimiminika chake kwenye bomba, mililita moja, na huchanganywa na kuchomwa papo hapo. Na zipo protini ambazo alkoholi ya benzili huzifanya zishikane na kutengeneza mabonge. Ukipata boksi lenye maji yake, maji hayo ndiyo yake. Usiyabadilishe kwa sababu ya bei wala kwa sababu ya kilichobaki kwenye friji.

Sasa kuhusu kuchanganya kwenyewe. Hapa naomba nikae kidogo, maana ni kazi ninayoipenda.

Unga ule mweupe hausagwi. Dawa huyeyushwa kwanza, ikatiwa kichupani, ikagandishwa, kisha hewa huvutwa kwa nguvu hadi barafu inageuka mvuke moja kwa moja bila kupitia hali ya maji. Kinachobaki ni kama mfupa wa sponji, mwepesi, wenye matundu yasiyoonekana. Hufanywa hivyo kwa sababu peptidi zikiwa majini huchakaa: maji hukata viungo vyake, oksijeni huharibu baadhi ya asidi amino, nyingine hubadilika taratibu zikawa kitu kingine. Zikikauka hutulia. Siku unapoongeza maji ndiyo siku saa inapoanza kuhesabu.

Mara ya kwanza nilipopewa kuchanganya, nilielekeza sindano katikati na kusukuma. Vichupa vingi vya namna hii hufungwa vikiwa na hewa kidogo sana ndani, kwa hiyo sindano ikishapita mpira, maji hunyonywa kwa kasi yenyewe. Yalipiga ule unga kama bomba la kuoshea gari. Nikaona vipande vimebaki kwenye kioo, nami kwa bidii nikakitikisa kichupa juu chini, kama nilivyozoea kufanya na dawa za maji za watoto. Povu likajaa hadi shingoni.

"Mwanangu," sista aliniambia, "hii si dawa ya kikohozi."

Akaniketisha, akaniacha nilitazame povu hilo kwa muda mrefu kabla hajaeleza. Molekuli ya protini imekunjwa kwa umbo lake, na umbo ndilo linalofanya kazi. Kwenye ngozi ya kila kiputo, pale maji yanapokutana na hewa, molekuli huvutwa na kuanza kukunjuka. Zilizokunjuka hushikana zenyewe kwa zenyewe. Homoni kubwa huumia zaidi, peptidi fupi huvumilia zaidi, lakini hakuna inayofaidika na kutikiswa. Dozi ile ilitupwa, na ilikuwa dozi ya mtu.

Akanionyesha anavyofanya yeye. Kichupa kilikuwa kimetoka kwenye friji muda, si baridi tena mkononi. Akafuta mpira kwa pamba ya spiriti kisha akangoja. Alingoja kweli, mikono imetulia, hadi mpira ukakauka, maana spiriti ikiwa bado mbichi haijamaliza kazi na inaingia na sindano. Akainamisha kichupa, ncha ya sindano ikaegemea ukuta wa kioo, kidole gumba kikizuia pampu ya bomba isivutwe, na maji yakateremka kioo hicho kama jasho kwenye shavu. Akakizungusha kati ya viganja, taratibu, mtu akimtazama angedhani anapasha mikono moto. Kisha akakiacha mezani. Unga uliyeyuka kuanzia pembeni, ukawa pete, ukawa nukta, ukaisha. Akakiinua kwenye mwanga, akaangalia kama kuna nyuzi, ukungu au punje. Kipande cha mpira kilichomegwa na sindano nacho hujitokeza hapo, kidoa cheusi au cha kijivu kinachoelea. Hakukuwa na kitu. Akaandika tarehe na saa.

Sijawahi kuona mtu akichanganya vizuri kuliko yule mama, na hakuwa mwepesi hata kidogo.

Baada ya hapo kichupa chenye mchanganyiko kina saa mbili zinazokwenda pamoja. Ya kwanza ni ya usafi, ambayo kihifadhi huisaidia. Ya pili ni ya molekuli yenyewe, ambayo kihifadhi hakiihusu. Karatasi moja ya hCG husema tumia ndani ya siku 30 kwenye friji. Nyingine, ya mtengenezaji mwingine, husema 60. Ni homoni ileile, maji yaleyale, lakini kila mmoja ameandika alichokipima kwa dawa yake. Nilimweleza mdogo wangu hivyo, nikamwomba karatasi ya peptidi yake. Hakuwa nayo. Muuzaji hakutoa.

"Basi twende kwenye hesabu," alisema, "hilo ndilo lililonileta."

Nilichukua glasi tupu na kichupa chake cha maji. Kichupa cha unga nilikisogeza upande wangu wa meza. Nikafuta mpira wa maji, tukangoja, nikampa bomba moja la insulini.

"Vuta yuniti 10."

Akavuta, kwa mkono mzuri, nikamsifu. Kisha nikamuuliza yuniti 10 ni miligramu ngapi. Akasema bila kusita: "Kumi?" Alipoiona sura yangu akarekebisha: "Moja?"

Hapa ndipo watu huumia. Yuniti zilizochorwa kwenye bomba la insulini ni alama za ujazo. Bomba la kawaida limepimwa kwa insulini yenye yuniti 100 kwa mililita, kwa hiyo alama 100 ni mililita moja, na alama moja ni sehemu ya mia ya mililita. Alama hazijui ndani kuna nini. Ukiweka mililita 2 za maji kwenye unga wa miligramu 5, kila mililita ina miligramu 2.5, na alama 10 zina mikrogramu 250. Ukiweka mililita 1 tu, alama zilezile 10 zina mikrogramu 500. Mkono umefanya kitu kilekile, dozi imekuwa maradufu. Na kwenye homoni kama hCG mambo huzidi kuchanganyika, kwa sababu dawa yenyewe nayo hupimwa kwa yuniti, yuniti za nguvu ya homoni, ambazo hazina undugu wowote na zile alama za kwenye bomba. Nimeshampokea mama aliyefika akilia, amevuta alama 50 kwa kuwa cheti kiliandikwa namba yenye tano na masifuri. Hakudhurika. Lakini mzunguko wake wa matibabu uliharibika, na alikuwa ameusubiri mwaka mzima.

Si yeye peke yake. Mwaka 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari kuhusu semaglutaidi, dawa ya kisukari na ya kupunguza uzito, iliyochanganywa na maduka ya dawa na kutolewa kwenye vichupa: wapo wagonjwa waliojichoma mara 5 hadi 20 ya dozi waliyokusudiwa, wengine hadi wakalazwa. Sababu kubwa ilikuwa hiihii, kukosea kupima kwa bomba na kuchanganya yuniti, mililita na miligramu. Wengine walikokotolewa vibaya na wahudumu wao. Kwa hiyo simcheki mtu anayekosea hesabu hiyo. Mimi mwenyewe, baada ya miaka yote hii, huiandika kwenye karatasi kila mara, na huwa namwomba mwenzangu aikokotoe upya bila kuona jibu langu.

Tulifanya zoezi hadi akaelewa. Tulijaza ile glasi kwa matone. Aliifanya hesabu kwa mililita 1, kwa 2, kwa 2 na nusu, akapata zote. Kisha akanyoosha mkono kuchukua kichupa cha unga.

Nilimwambia, "Sasa maji unayajua. Hicho ndicho nisichoweza kukujulia."

Peptidi si uchawi tena kutengeneza. Tangu Bruce Merrifield alipoonyesha mwaka 1963 namna ya kuunganisha asidi amino moja baada ya nyingine zikiwa zimeshikizwa kwenye punje ngumu, kazi iliyompa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1984, mashine zinaweza kuunga mnyororo wa asidi amino kwa muda mfupi. Lakini mashine hukosea. Mnyororo mmoja hukosa kiungo, mwingine hukatika katikati, na kemikali za kazi hubaki. Kusafisha baada ya hapo ndiko kwenye gharama na ujuzi. Mdogo wangu alinionyesha kwenye simu cheti cha muuzaji: usafi asilimia 99. Nikamwomba anisomee sehemu ya endotoksini. Hakukuwa nayo. Sehemu ya kuonyesha kwamba hakuna bakteria? Hakuna. Ile asilimia 99 husema kati ya vitu vya jamii ya peptidi vilivyoonekana kwenye kipimo, vingapi ni chenyewe. Kichupa kinaweza kuwa na asilimia 99 hiyo na bado kikawa na endotoksini ya kumlaza mtu. Na maji bora duniani hayaisafishi. Ukiyaongeza unaziyeyusha zote mbili pamoja, peptidi na uchafu wake.

Leonard Thompson, kijana wa miaka 14 mwenye kisukari, alichomwa insulini Toronto, Kanada, tarehe 11 Januari 1922, wa kwanza kutibiwa kwayo. Dondoo ile ya mwanzo ilikuwa chafu. Sukari ilishuka kidogo tu, na mahali pa sindano pakatunga jipu. Wakaacha. Mwanakemia James Collip akakaa maabara kuisafisha, na tarehe 23 wakamchoma tena, safari hii ikafanya kazi. Homoni ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni alichokiondoa Collip.

Peptidi aliyonunua mdogo wangu ni mojawapo ya zile ambazo mwaka 2023 FDA iliziweka kwenye kundi la vitu vyenye mashaka makubwa ya usalama kwa maduka yanayochanganya dawa. Nilimsomea. Nilimwambia pia kwamba siwezi kumkataza, ni mtu mzima na goti ni lake, ila sitamshikia kichupa hicho, wala sitampa hesabu ya kile kilichomo ndani kana kwamba tunajua kilichomo ndani.

Alikasirika kidogo. Akasema basi angalau maji ayaweke kwenye friji, yamemgharimu. Nikampa kalamu. Akaandika tarehe kwenye lebo, mwandiko wake ule mkubwa wa tangu utotoni, tukaweka kichupa kwenye mlango wa friji yangu. Kile cha unga alikitia mfukoni akaondoka nacho.

Wiki iliyofuata nilimpeleka kwa daktari wa mifupa. Goti likapigwa picha, akaanzishiwa mazoezi ya tiba, na akaambiwa itachukua miezi. Hakulipenda jibu hilo. Kuhusu unga sikumuuliza, naye hakusema.

Siku ya 28 alikuja bila kupiga simu. Alifungua friji mwenyewe, akatoa kichupa cha maji, akakiinua dirishani. Kilikuwa safi, kinang'aa, hakina hata chembe.

"Yanaonekana mazima kabisa, dada."

"Ndiyo."

Akakigeuza mara moja zaidi kwenye mwanga. Kisha akatoa kile kingine mfukoni, unga ukiwa bado umeshikamana chini, kofia yake haijang'olewa, akaviweka vyote viwili mezani karibu na boksi la usalama ninalotupia sindano, akaniuliza kama vinaingia humohumo au vina mahali pake.

"Niachie," nikamwambia, "kesho nakwenda navyo kazini."